Matusi Yaliyoidhinishwa kwa Mazishi ya Bibi Nyamizi

Nchi yenyewe ipo, ila wenyewe wameomba isitajwe, na sisi ni watu wepesi wa kusikia tukiombwa na watu wenye bunduki. Tuseme tu kwamba ina maziwa mawili, milima ya kutosha, na Mtukufu mmoja. Mtukufu huyo ana majina kumi na manne. Lile la kumi na nne, Baba wa Mapambazuko, alipewa na Bunge baada ya wataalamu kuthibitisha kwamba katika miaka yote ishirini na miwili ya utawala wake jua halijakosa kuchomoza hata siku moja.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Mabatini, aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Mwasiti binti Ngwali. Alishona sare za shule mchana kutwa, lakini watu hawakumjua kwa sare, walimjua kwa mdomo. Mwasiti alikuwa wa ukoo wa Kanga, na Kanga ni watani wa ukoo wa Nguchiro. Inasemekana zamani Nguchiro walikula mayai ya Kanga, pakazuka vita vya miaka na miaka, hata walipochoka kuzika wakapatana: kuanzia leo, badala ya kuuana, tutatukanana. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, na pengine ndiyo maana yalidumu.

Akifa Nguchiro, Kanga sharti aje msibani amtukane maiti, awatukane wafiwa, autukane na wali wa msiba. Tena ana haki ya kuteka kitu chochote cha wafiwa, kiwe kiti, mbuzi au jeneza lenyewe, akakikalia mpaka apewe anachotaka, na hakuna wa kumwambia hapana. Akifa Kanga, zamu ni ya Nguchiro. Maiti asiyetaniwa, watu wa koo hizo wanaamini, hafi sawasawa. Anabaki mlangoni, hajatoka wala hajaingia, na wafiwa nao wanabaki hivyo hivyo.

Mwasiti alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alipokufa yule Nguchiro tajiri wa Mabatini aliyejulikana kwa ubahili, Mwasiti alisimama mbele ya wajane watatu akasema, "Mnalia nini? Huyu hata kivuli chake alikuwa anakikunja jioni, asije mtu akakikalia." Mjane mkubwa alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, na ndipo machozi ya kweli yakaanza.

Kisha ikaja Sheria ya Staha. Ibara ya kwanza ya sheria hiyo ilisema ni kosa kutamka juu ya kiongozi neno lolote ambalo kiongozi mwenyewe hajawahi kujisemea. Ibara ya pili haikuwepo, kwa kuwa ya kwanza ilitosha.

* * *

Wa kwanza kunaswa na sheria hiyo alikuwa Chande, fundi baiskeli, mdogo wake Mwasiti, ambaye dada huyo alimlea tangu mama yao alipofariki. Asubuhi moja Chande alikuwa ameinama uani akiziba pancha, kuku wa jirani akataga, akaanza kutangaza. Akatangaza, akatangaza, akazunguka ua mzima akitangaza. Chande akainua kichwa akasema, "Hebu mwoneni huyu. Yai moja tu, mtaa mzima hatupumui. Ungedhani Mtukufu kazindua kisima."

Neno hilo tunalirudia hapa kwa nia njema kabisa, ili msomaji ajue ni lipi asilitamke.

Jirani alicheka, akalipeleka gengeni. Genge likalipeleka sokoni. Siku ya nne Chande akachukuliwa. Polisi aliyeandika maelezo yake akakamatwa kwa kuliandika lile neno. Karani wa mahakama akakamatwa kwa kulipiga chapa. Hakimu akalisoma kwa sauti katika hukumu, akamfunga Chande miaka mitano, na aliposhuka kitini pake akakuta pingu zinamsubiri. Kufika mwezi wa pili, waliofungwa kwa ajili ya yule kuku walikuwa mia nne na kumi na wawili, na gereza likajengewa banda la ziada. Mtukufu alikwenda kulizindua.

Wizara ya Staha ilipoona hivyo ikatoa waraka: tangu leo, jalada lolote la kosa hilo liandikwe tu "alisema lile neno", pasipo maelezo wala jina la kuku. Majalada ya zamani yachomwe. Yakachomwa.

Mwasiti akanyamaza. Kwa miezi saba hakumtania mtu, si mteja, si jirani, si hata yule mwuza mkaa mwenye masikio ambayo zamani alikuwa akiyaamkia moja moja. Kila Alhamisi alipika mihogo ya nazi, akaitia kwenye bakuli la bati, akatembea hadi lango la gereza. Hakuruhusiwa kuonana na Chande. Bakuli lilipokelewa na sajini, na saa moja baadaye likarudi tupu, limeoshwa. Bakuli lile tupu ndilo lililokuwa likimlaza usingizi, maana mtu anayemaliza mihogo ni mzima. Lakini mchana hakutulia. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga pedeli ya cherehani hata uzi ulipokwisha, sindano inatoboa kitambaa bure, wateja wanatazamana.

* * *

Jumanne moja magari saba meusi yalisimama mbele ya kibanda chake. Akashuka Waziri wa Staha, Mheshimiwa Kilumbi, mtu mfupi aliyevaa tai yenye picha ya Mtukufu, na juu ya tai amevaa beji ya Mtukufu akiwa amevaa tai.

"Habari za kazi, mama," alisema.

"Njema, Mheshimiwa. Karibu. Kiti ni hicho, ila kina mguu mmoja mbovu."

Waziri alibaki wima. "Mama, taifa linakuhitaji."

"Taifa linanijua miaka hamsini na mbili, na halijawahi kunihitaji. Limepatwa na nini?"

Waziri alitazama nyuma, akatazama juu, akainama mpaka tai yake ikagusa cherehani. "Bibi Nyamizi amefariki jana alasiri. Mama mzazi wa Mtukufu. Wewe… unatakiwa uje umtukane."

Mguu wa Mwasiti ukasimama juu ya pedeli.

Ilikuwa hivi. Mtukufu alikuwa Nguchiro, na mama yake Nguchiro wa pande zote mbili. Wabebaji wa ukoo, wanaume wanane wakiongozwa na mchinja nyama mmoja aitwaye Lubuva, walikuwa wamefika msibani, wamekaa chini kando ya jeneza, na wamesema hawanyanyui mpaka aje mtani. Serikali ikaleta askari wanane wa gwaride. Askari wakanyanyua, wakapiga hatua tatu, Lubuva akawauliza kwa upole ni nani kati yao yuko tayari kurudiwa na bibi huyo usiku wa arobaini. Wakaliweka chini na kupiga saluti. Na Mtukufu mwenyewe, mwenye majina kumi na manne na vikosi vitatu vya ndege, alikuwa akimwogopa mama yake kuliko mtu yeyote duniani, na kufa kwake hakukupunguza kitu.

"Kanga wapo wengi," alisema Mwasiti.

"Walikuwepo. Wengine wamevuka mpaka. Wengine…" Waziri akakohoa. "Wengine walisema lile neno."

"Nina mdogo wangu huko."

"Tutaliangalia."

Katika nchi ile neno "tutaliangalia" lina idara yake, lina mkurugenzi na wasaidizi sita. Mwasiti alijua. Akajiambia moyoni: huyu hatanipa kitu. Lakini nikifika kwenye shimo, nina haki yangu ya kuteka, na hiyo haiko chini ya wizara. Akachukua khanga yake nyeusi, akafunga kibanda.

* * *

Kwanza alipelekwa mbele ya Kamati ya Kuidhinisha Matusi, iliyoundwa asubuhi hiyo hiyo na tayari ilikuwa na kamati ndogo mbili. Walikuwepo profesa mmoja, brigedia mmoja, na daktari wa meno aliyeitwa kwa sababu za kitaalamu. Mwasiti alitakiwa kuwasilisha matusi yake kwa nakala tatu.

"Tusi namba moja," alisoma profesa, miwani puani. "'Bibi huyu alikuwa na meno mawili, na yote mawili hayasalimiani.' Daktari?"

"Kitaalamu alikuwa na meno manne," alisema daktari wa meno. "Nilimhudumia mwenyewe."

"Basi ni uongo. Limekataliwa. Namba mbili." Alisoma kimya, akafunika karatasi kwa kiganja, akampa brigedia. Brigedia akasoma, shavu likamtetemeka, akajibana pua, akatoka nje. Wakamsikia akikohoa muda mrefu kwenye korido.

"Limekataliwa," alisema profesa. "Kwa sababu za kiafya."

Saa tatu baadaye Mwasiti alikabidhiwa karatasi yenye mihuri minne. Kichwa chake kiliandikwa Matusi Yaliyoidhinishwa, na chini yake matusi matatu. La kwanza: *Ewe Bibi Nyamizi, ulikuwa na kosa kubwa la kutupenda kupita kiasi.* La pili: *Huna adabu wewe, umetutangulia peponi bila kutuaga.* La tatu: *Macho yako yalikuwa na ugonjwa wa kuona mbali maendeleo ya taifa hili.*

"Hilo la tatu ni kali," alisema profesa. "Tumelipitisha kwa kura moja."

* * *

Shimo lilichimbwa nyuma ya nyumba aliyozaliwa Mtukufu, ambayo ilikuwa imebomolewa na kujengwa upya mara mbili ili ifanane zaidi na nyumba aliyozaliwa Mtukufu. Marais watano wa nchi jirani walikaa chini ya turubai. Ndege zao zilikuwa zimewashwa uwanjani, maana kila mmoja alihofia nchi yake isije ikamzoea akiwa hayupo. Jua lilikuwa kali. Mtukufu alisimama kichwani pa jeneza, mtu mnene wa miaka sitini na moja, suti nyeusi, mikono hajui aiweke wapi.

Mwasiti alisimama mbele ya watu elfu tatu, akakunjua karatasi, akasoma. Akasoma la kwanza. Akasoma la pili. La tatu alilisoma polepole, likafuatwa na makofi ya wizara nzima.

Lubuva na wenzake saba walikuwa wamekaa mchangani, wamekunja miguu. Hawakusogea.

"Nyanyueni!" alinong'ona Waziri Kilumbi.

"Tumesikia rambirambi," alisema Lubuva. "Nzuri sana. Sasa mtani aanze."

Waziri alikwenda kwa profesa, profesa akaenda kwa brigedia. Rais mmoja alitazama saa. Jeneza likaanza kuchomwa na jua. Wakajaribu kulisogezea kivuli, kivuli kikahama. Rais wa pili akatuma mtu aulize kama kuna ratiba mpya. Waziri akatoa simu akampigia mtu aliyekuwa amesimama hatua kumi kutoka kwake, wakazungumza kwa simu huku wanatazamana. Mwasiti alibaki katikati, karatasi inatepeta kwa jasho, akihesabu madirisha ya nyumba ili asikimbie.

Hatimaye Waziri alirudi, uso umemkauka. "Mtukufu ameagiza mama yake atukanwe," alisema. "Kwa kiasi."

Mwasiti alikunja karatasi, akaiweka chini ya jiwe. Akalisogelea jeneza, akaligonga kwa kidole kama anagonga mlango wa jirani.

"Wewe Nyamizi! Umelala saa hizi, nani atapekua sufuria za wakwe zako? Jamani, bibi huyu alikuwa mmbea. Alikuwa anaanza na walio hai mtaa mmoja mmoja, akiwamaliza anaingia kwa wafu. Safari hii ameona habari za wafu hazijakaa vizuri, kaenda kuhakikisha mwenyewe!"

Lubuva akatoa mguno. Watu elfu tatu walishika midomo.

"Meno yake manne, daktari kasema manne, na mimi nasema basi mawili alikuwa kaazima. Na alikuwa mwizi wa mayai, sina haja ya kuwaambia, ni Nguchiro. Ila mtoto alimzaa mmoja, akamlea vizuri sana. Akamfundisha kutembea. Akamfundisha kula kwa mkono wa kulia. Siku aliyotaka kumfundisha kunyamaza, bibi akapata udhuru, na sisi ndio hawa!"

Ndege zikasikika zikinguruma kule uwanjani. Waziri Kilumbi alifumba macho.

"Nchi nzima inamwita Baba," Mwasiti aliendelea, na sasa ulimi wake ulikuwa umepata njia yake ya zamani. "Nyamizi peke yake ndiye aliyejua huyu Baba alivyokuwa anaanika godoro mpaka darasa la nne. Sasa siri hiyo unaenda nayo, bibi. Asante. Tungekosa usingizi."

Mabega ya Mtukufu yalianza kutikisika. Watu wakadhani analia, wakaanza kulia. Kisha kikamtoka kicheko kikubwa, cha tumboni, kicheko cha mtu aliyekikalia miaka ishirini na miwili. Wakaacha kulia na kutazamana, maana hakuna aliyejua utaratibu. Mshereheshaji aliletewa kijikaratasi, akatangaza kwenye kipaza sauti: "Wananchi mnaruhusiwa kucheka. Mwisho wa kucheka ni saa nane na nusu."

Lubuva alisimama, akafuta machozi kwa kiganja, akawaambia wenzake, "Haya. Sasa kafa." Wakanyanyua.

* * *

Walipofika kwenye shimo walikuta limekaliwa. Mwasiti alikuwa amekwisha kuteremka, amekaa chini, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye udongo.

"Nimeteka," alisema kutoka chini. "Bibi hashuki, mimi sipandi."

Waziri akaita askari. Lubuva akamwambia Waziri asijiaibishe, hiyo ni haki ya mtani. Mtukufu akachungulia ukingoni, bado macho yamemlowa kwa kucheka.

"Haya mtani, unataka nini? Mbuzi? Nyumba?"

"Namtaka mdogo wangu, Chande. Mmemfunga mwezi wa saba huu."

"Alifanya nini?"

Mwasiti alisubiri mtu ajibu. Waziri alitazama viatu. Profesa alitazama viatu vya Waziri.

"Kwani alifanya nini?" aliuliza tena Mtukufu. "Kilumbi?"

"Alisema lile neno, Mtukufu."

"Neno gani?"

Mtu yeyote akilisema anakwenda jela, na wote walikuwa na watoto. Ilikuwa mara ya kwanza kugundulika kwamba katika nchi nzima ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kulisikia. Basi Mwasiti akamwambia kutoka shimoni, kuku na yai na kisima, yote.

Mtukufu alifikiri. "Kisima kipi?"

"Vyote."

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu."

Mtukufu alinyooka, akajifuta uso. "Mleteni," alisema.

Amri ilifika gerezani kwa simu: aletwe upesi yule aliyesema lile neno. Mkuu wa gereza akafungua majalada, na kila jalada lilisema mfungwa huyu alisema lile neno. Jina la Chande hakupewa, kwa kuwa aliyepiga simu aliogopa kumtaja mhalifu mbele ya Mtukufu. Mkuu wa gereza hakutaka kukosea. Akawapakia wote.

Malori yalipoanza kuingia, Mwasiti aliyasikia kabla ya kuyaona. Kutoka shimoni aliona mbingu kipande, na kwenye ukingo wa kipande hicho vikaanza kujitokeza vichwa. Vichwa vilivyonyolewa, mashavu yaliyoingia ndani, vinachungulia kimoja kimoja na kupita. Alimwona jirani wa kuku. Alimwona mama wa gengeni, amekonda hata hakumjua mara moja. Alimwona hakimu. Lori la pili likashusha, vichwa vikapita. La tatu. Hakuhofu sana, kwa sababu Chande alikuwa mtu wa kuchelewa. Akiambiwa njoo saa mbili, alikuwa anaoga saa nne. Atakuwa lori la mwisho, alijiambia, tena atakuwa wa mwisho kushuka.

Lori la mwisho likashusha. Ukingo ukabaki mtupu.

"Mia nne na kumi na mmoja," sajini alitoa taarifa.

"Walikuwa mia nne na kumi na wawili," alisema Mwasiti.

Akasimama shimoni, kichwa chake kikafika usawa wa viatu vya watu, akavitazama viatu vile mpaka akaviona vya sajini, yule aliyekuwa akimpokea kila Alhamisi.

"Sajini. Chande yuko wapi?"

"Mama." Sajini alivua kofia. "Mwezi wake wa tatu ndani. Homa, siku tatu tu. Tulitaka kukuletea barua, lakini barua ya kifo lazima iandikwe kosa la marehemu, na lile kosa haliandikiki. Tukaomba mwongozo wizarani. Wakasema wataliangalia."

"Na mihogo?"

Sajini alishindwa kumtazama. "Tulikula, mama. Tulikuwa tunaosha bakuli."

Mwasiti alishika ukingo wa shimo kwa mikono miwili, udongo ukamporomokea kifuani. Alingoja kilio kije. Hakikuja. Kilikuwa kimesimama mahali fulani, hakitoki wala hakirudi, na alijua kwa nini.

"Nani alimtania?"

"Haikuruhusiwa, mama."

"Mlimzika kimya?"

"Kimya."

Hapo Mwasiti alikaa tena chini. Alipozungumza hakupaza sauti, na elfu tatu wote walimsikia. "Mtukufu. Wewe ni Nguchiro. Mimi wako nimemtania, katika jua, na mbele ya wageni. Huyu wangu ni wa zamu yako. Mtanie."

"Mimi?"

"Sitoki."

Rais mmoja alinyanyuka na kwenda kwenye ndege yake. Mtukufu alijiweka sawa, akapandisha kifua. "Ndugu wananchi," alianza. "Marehemu Chande alikuwa mwananchi ambaye, licha ya changamoto…"

"Hiyo ni hotuba."

Waziri alinong'ona sikioni mwake. "Alikuwa adui wa maendeleo," Mtukufu alijaribu.

"Hilo ni shtaka. Lilishasomwa, na aliyelisoma ni yule hakimu pale."

"Sasa nitamtaniaje?" alisema Mtukufu, na sauti ilimpasuka. "Simjui!"

"Ndiyo," alisema Mwasiti. "Waulize wanaomjua."

Mtukufu aligeuka akawatazama wale mia nne na kumi na mmoja. Kabla ya siku hiyo hakuwa amewahi kuuliza swali ambalo jibu lake hakuandikiwa. Akachuchumaa juu ya lundo la udongo, suti na yote, akauliza alikuwa mtu wa namna gani.

Yule polisi aliyeandika maelezo akasema, "Siku ya kumkamata tulimsubiri barazani muda wa saa tatu, Mtukufu. Kila tukiita anasema nakuja sasa hivi."

Mtu akacheka puani. Hakimu akasema, "Kesi yake niliiahirisha mara mbili. Si kwa sheria, alikuwa hajafika. Na alikuwa anatoka mahabusu mlango wa pili!"

"Harusi yake," alisema Mwasiti kutoka chini, "alifika kesho yake. Bibi harusi alikuwa amelala kwenye kochi na maua yake."

Mtukufu alisikiliza. Aliuliza alikuwa mrefu au mfupi. Aliuliza kama alikuwa anaimba. Aliuliza kama kweli aliziba pancha vizuri, wakamwambia vizuri sana, ila baiskeli uliikuta mwezi ujao. Kisha akainama ukingoni, si kwa Mwasiti, kama anasema na mtu aliyekaa kando yake.

"Chande," alisema. "Mwana wa Kanga, kichwa maji. Umezaliwa ukichelewa, umeoa ukichelewa, hata jela tumekungoja mlangoni. Maisha yako yote umewahi jambo moja tu, mjinga wewe, tena lile ambalo sisi wote tulikuwa radhi tukusubiri."

Kicheko kilimtoka Mwasiti kabla hajakizuia. Kilikuwa kikubwa, kikagonga kuta za shimo, na katikati ya kicheko hicho akajua kwamba Chande amekufa. Akashika uso, akalia kwa sauti, akicheka na kulia, na wale mia nne na kumi na mmoja wakalia naye.

Waziri Kilumbi aliposikia kicheko akakumbuka kazi yake, akaanza kupiga makofi. Wizara ikapiga. Marais wanne waliobaki wakapiga wakiwa wamesimama. Mtukufu akainuka, magoti yamejaa udongo, na mkono wake, mazoea ni mazoea, ukapanda wenyewe kupokea shangwe. Aliuona uko hewani. Akaushusha.

Lubuva aliinama akanyoosha mkono shimoni. "Toka, mtani," alisema. "Bibi amechoka kungoja."

Mwasiti aliushika akapanda. Nyuma yake wakaanza kuteremsha jeneza. Wafungwa walikuwa wanatawanyika kuelekea barabarani, kwa kuwa amri ilisema waletwe na haikusema warudishwe, na hakuna ofisa aliyethubutu kuongeza neno. Alijikung'uta udongo, akafunga khanga yake upya, akapita katikati ya makofi mpaka alipokuwa sajini, akamwuliza Chande wamemlaza upande gani wa gereza.